Bi Paa na Miguu ya Wakubwa

Paukwa!

Pakawa!

Haya, pakawa, jamani, ila leo msitarajie kucheka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa misitu yote walilamba jiwe moja la chumvi, wakaapa: atakayemtesa mnyama wa msituni kwake, wote watamwendea. Lakini waliweka mila moja. Shauri halipiti mpaka wakubwa watatu, Tembo, Nyati na Chui, wainue mguu. Mmoja asipoinua, shauri limekufa.

Msituni kwa Chui aliishi Bi Paa na binti yake. Siku moja binti akasema, "Chemchemi hii ni ya wote." Chui akamkamata, akamfungia pangoni.

Bi Paa akakimbilia barazani. "Mliapa! Mtoeni mwanangu!"

Nyati akainua mguu. Tembo hakuinua. "Inaniuma, Bi Paa. Lakini kiangazi hiki wanangu wanakunywa kwa Chui."

Jioni Bi Paa akaenda pangoni. Mwanawe akaita, "Mama, wanakuja?"

"Wanakuja, mwanangu."

Akarudi barazani mara ya pili. Safari hii Nyati ndiye aliyekataa. "Chui ananizuilia Simba mpakani. Nikimuudhi, nitalala wapi?"

Jioni sauti ya mtoto ilikuwa imefifia. "Mama, wanakuja?"

"Wanakuja, mwanangu." Angesema nini, maskini?

Mara ya tatu akakuta kesi ya Kicheche, aliyeiba mayai ya Kanga. Kicheche hana chemchemi, hana mpaka. Miguu mitatu ikainuka mara moja, akafukuzwa papo hapo.

"Kumbe inainuka!" akalia Bi Paa. "Basi na kwangu!"

Tembo na Nyati wakatazamana. Wakaona haya, wakainua. Akabaki Chui mwenyewe, mguu kaukita chini kama kisiki.

"Hayo ni mambo ya nyumbani kwangu," akasema.

Shauri likafa. Bi Paa akaenda pangoni, akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi baraza likakutana. Tembo akalia machozi ya kweli. "Tumwombolezee mtoto wa Bi Paa?" akauliza.

Miguu mitatu ikainuka. Wa Chui ndio uliotangulia.

Fundisho ni hili, na sina lililo tamu zaidi: kiapo cha wakubwa humlinda mnyonge pale tu ambapo mwonevu wake hahitajiwi na yeyote.

Hadithi yangu imefia hapo. Mwenye nguvu aichukue, mimi imenilemea.