Sura ya Bi Tausi Kiooni

Manyoni walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Siwema alipewa jicho: akimpiga mtu picha, mama mzazi wa mtu huyo husema, "Naam, huyu ndiye." Mashaka alipewa mikono: kazi yake ilikuwa kubandika stika kwenye vioo vya magari, na ukipitisha kidole juu yake hukuti kipovu wala mkunjo. Heri alipewa subira: aliendesha gari kwenye barabara ambazo madereva wengine huzisikia tu.

Kilichowakutanisha ni mkate.

Bi Tausi alikuwa mwokaji. Binti yake, Sakina, ndiye aliyesimamia biashara, na siku moja akanunua gari kuukuu aina ya Hiesi, akang'oa viti, akapanga kreti za mikate. Akataka tangazo lijae kioo chote cha nyuma, kwa ile stika ya vitundu vidogo ambayo aliye nje huona picha, na dereva aliye ndani huona barabara.

"Niwekee msichana mzuri ameshika mkate," alimwambia Siwema. "Wamejaa tele mtandaoni."

"Huyo msichana hajawahi kuuonja mkate wenu. Mimi namtaka mama."

"Mama yangu si tangazo!"

Siwema hakubishana. Asubuhi tatu mfululizo alikwenda jikoni na kamera yake, na Bi Tausi akawa anajifunika uso kwa mtandio na kumfukuza kwa mwiko. Siku ya tatu mkate ulimponyoka bibi, akajicheka mwenyewe, na Siwema akampata vile vile alivyo: mwanya wa mbele, doa jeusi chini ya jicho la kushoto, kovu la moto kidevuni. Sakina aliichukua picha ile, akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Haya. Weka."

Mashaka akabandika. Kazi iliisha saa sita mchana, kila mtu akasifu. Yeye akarudi nyuma hatua kumi, akatazama, kisha akaanza kuibandua.

"Una wazimu, kaka?" Sakina alimuuliza.

"Kuna mkunjo jichoni, doa halionekani. Huyu sasa ni mama wa mtu mwingine."

Akachapisha upya, akabandika upya. Na hakuishia hapo. Njia za huko ni vumbi kiangazi na tope masika, kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya swala alipita kukiosha kioo na kuzikandamiza kona zilizoanza kuachia. Mara mbili jua liliila sura ya bibi, na mara mbili aliibadilisha bila kuombwa.

Heri naye akaendesha. Wauza mikate wote waliishia Itigi. Yeye akifika Itigi na kreti mbili zimebaki, hakugeuza gari. Alisonga mbele saa mbili za makorongo hadi kijiji cha Makutano, ambako watu walikuwa wakiuona mkate siku za sikukuu tu. Akifika, aliegesha kioo cha nyuma kikiwaelekea watu, akauzia mlango wa ubavuni. Watoto wakazoea kukisalimia kioo kwanza: "Shikamoo, Bibi Mkate!"

Mwaka wa tatu Bi Tausi akaanza kusahau. Alisahau chumvi, akasahau majina, mwisho akasahau kwamba dada yake Mwanne alikwisha kufa. Jumatatu moja asubuhi Sakina, mimba yake ikiwa ya miezi tisa, alikwenda kumwamsha mama akakuta kitanda kitupu.

Wakatafuta. Polisi, hospitali, stesheni, vipaza sauti vya msikiti. Sakina hakuweza kuketi. Alizunguka ua mkono mmoja kiunoni, akakatazwa, akazunguka tena. Siwema aligawa picha sokoni hadi sauti ikamkauka. Mashaka alifuata reli kwa miguu. Heri aliambiwa kuna bibi ameonekana njia ya Singida, akaenda mbio, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Wote watatu walikuwa wakitafuta mahali ambapo hakuwapo.

Bi Tausi alikuwa amepewa lifti na lori la mbao hadi Makutano, akimtafuta Mwanne. Jumatano asubuhi alionekana huko, miguu peku, nywele zimejaa vumbi, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine na kuita jina la marehemu. Wiki hiyo hiyo mtoto mchanga alikuwa amefariki kijijini. Mtu mmoja akasema, "Mchawi." Neno likakimbia kasi kuliko miguu. Watu walimzunguka mbele ya mashine ya kusaga, na baadhi walikwisha kuokota mawe.

Mwenye mashine, Bi Mjengi, alitoka nje uso umejaa unga. Akamwona bibi kizee anatetemeka, mdomo wazi. Akaona mwanya. Akaona doa chini ya jicho. Akaona kovu kidevuni.

"Acheni!" alipiga ukelele. "Mmekula mkate wake miaka miwili, leo hamumjui? Huyu si Bibi Mkate?"

Mawe yakaanguka chini, moja, jingine. Kitoto kimoja kikajisogeza mbele. "Shikamoo, Bibi Mkate."

"Marahaba, mjukuu wangu," Bi Tausi akaitikia. "Umemwona Mwanne?"

Bi Mjengi alimkalisha kivulini, akapiga namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa mkate. Jioni bibi alikuwa nyumbani. Kesho yake mchana Sakina akajifungua mtoto wa kike, na neno la kwanza la Sakina likawa hili: "Mwanangu atapewa jina la aliyemwokoa mama yangu. Huyo ndiye atakuwa somo yake, wa kumkimbilia siku ya shida, maisha yao yote."

Bi Mjengi alipoombwa awe somo, alikataa. "Mimi nilimtambua tu. Mtafuteni aliyenifanya nimjue."

Wakaitwa wale watatu.

"Ningemweka yule msichana wa mtandaoni," Siwema alisema, "Makutano wangemjua msichana wa mtandaoni."

"Na ningeuacha ule mkunjo," Mashaka alisema, "au vumbi lile, Bi Mjengi angeona nini?"

Heri alikuwa wima, funguo zinacheza mkononi. "Picha nzuri, kioo safi. Na kama gari lingeishia Itigi?"

Mume wa Sakina akasema mtoto apewe majina yote matatu. Sakina akakataa: "Somo ni mmoja. Mwenye masomo watatu, siku ya shida kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda."

Kesho ni siku ya saba, siku ya kutoa jina. Siwema ameacha kujibu simu. Mashaka amekiosha kioo mara nne tangu asubuhi. Heri amewasha gari, amelizima, amewasha tena. Sakina yuko dirishani na mtoto begani, anamtazama mmoja, anamkumbuka mwingine, mtoto analia na mama yake hajui amwite jina gani.

Haya, nyinyi mliosikia. Mngekuwa Sakina, mngemnong'oneza mtoto huyu sikioni jina la nani?