Fisi Alivyomsuka Binti Yake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na kichwa na chanuo. Kichwa kikalia, chanuo likavunjika!

Basi sogeeni. Na wewe unayeniangalia upara, angalia pembeni. Anayesimulia nywele si lazima awe nazo, kama vile anayesimulia vita si lazima awe amepigwa. Mnanisikia?

Twakusikia!

Palikuwa na Fisi. Fisi huyo alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, alikuwa na njaa. Nguvu zilikuja na kuondoka, meno yalianza kulegea, lakini njaa ilikuwa pale pale. Fisi alikuwa na binti mdogo, jina lake Sikudhani, na Sikudhani alikuwa na nywele. Nywele nyeusi ti! Zimejikunja, zikajikunja tena, zikashikana. Ukizivuta zinafika begani, ukiziachia, pwii! zimerudi kwao.

Siku hiyo shangazi yake Sikudhani alikuwa anaolewa. Na katika nchi ya wanyama harusi ina desturi yake: wasichana wadogo humtangulia bibi harusi wakiimba, lakini wawe wamesukwa. Asiyesukwa hukaa nyuma ya nyumba na masufuria. Sikudhani alikuwa ameufanyia mazoezi wimbo huo mpaka kuku wakaujua.

Asubuhi mama yake akajifunga kanga, akabeba mchi.

"Baba Sikudhani," akasema, "mimi nakwenda kutwanga mpunga wa harusi. Jioni nitakuja kumchukua mtoto na chungu hiki cha nyama. Nyama hii ni mchango wetu, usiiguse. Mafuta ya nazi yako kwenye kibuyu, ni ya nywele. Mtoto umsuke wewe."

"Kusuka ndiyo kazi?" Fisi akacheka. "Mke wangu, mimi navunja mifupa ya nyati. Nishindwe na nywele za mtoto?"

Mama Sikudhani akamtazama juu mpaka chini. Akasema, "Haya." Mnaijua ile "haya" ya wanawake? Basi ndiyo hiyo hiyo.

Fisi akabaki na mtoto, chanuo na kibuyu. Akakifungua kibuyu anuse tu. Mafuta yakanukia. Akachovya kidole alambe tu. Mafuta yakawa matamu. Jikoni kulikuwa na muhogo wa kuchoma, na muhogo bila kitoweo ni adhabu. Akachovya, akala. Akachovya, akala. Kibuyu kikalia kho! Kikavu.

"Si kitu," Fisi akajiambia. "Nywele ni nywele. Zinachanwa."

Akamkalisha mtoto kati ya magoti yake. Akachomeka chanuo utosini, kwenye mashina kabisa, tena nywele kavu, akavuta. Krrr!

"Uwiii!" mtoto akalia.

Akavuta tena. Krrr!

"Uwiii, baba!"

Akavuta kwa zile nguvu za kuvunjia nyati. Krrr, krrr, kacha! Meno ya chanuo yakabaki kichwani, mpini ukabaki mkononi. Jasho likamtoka Fisi, aibu ikampanda, na mwenye aibu hakosi mtu wa kumlaumu.

"Nywele gani hizi!" akafoka. "Ngumu! Mbaya! Zina ukaidi!"

Sikudhani akajishika kichwa kwa mikono miwili, akauliza polepole, "Baba, nywele zangu mbaya?"

Mtoto akalia, akalia, mpaka usingizi ukamchukua pale pale mapajani, mashavu yamelowa. Fisi akaketi na kipande cha chanuo. Moyo ukamuuma kuliko njaa, na hilo lilimshangaza, maana hakujua kwamba kuna kitu kinachouma kuliko njaa.

Sasa ukutani kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu hilo aliishi Bi Panya na watoto wake, utitiri. Bi Panya alikuwa ameona yote na kunusa yote.

"Hodi, jirani!"

"Karibu, Bi Panya. Ila chakula hakuna!"

Ndivyo Fisi alivyokuwa anakaribisha wageni.

"Nani kataja chakula?" Bi Panya akasema. "Nimesikia krrr, nimekuja. Nimsuke?"

Fisi akamtazama kwa shaka. Kwao msusi halipwi, hulishwa, tena hulishwa vizuri. "Narudia, chakula hakuna. Kile chungu si chakula, ni mchango."

"Sitakigusa, naapa. Mkono huu usikiguse chungu chako. Mafuta yako wapi?"

"Yameisha. Yameyeyuka. Jua kali."

"Ahaa," Bi Panya akasema. "Na ndilo jua lililokupaka mdomoni?"

Fisi akajifuta. Bi Panya akaingia tunduni, akatoka na kifuu kimejaa mafuta. Fisi akanusa. "Mbona yananukia kama ya kibuyu chetu?"

"Mafuta ya nazi yote hunukia nazi, jirani. Lete maji."

Bi Panya akapanda begani kwa mtoto. Akalowesha nywele, akazipaka mafuta, akazigawa mafungu. Hakuanzia kwenye mashina. Alianzia kwenye ncha, akielekea mashinani kidogo kidogo kwa vidole na meno yake madogo, maana panya huuma huku akipuliza.

*Nauma, napuliza, fuu!*
*Nauma, napuliza, fuu!*

Nywele zikaachana zenyewe. Mtoto hata hakugeuka.

"Lakini jirani," Bi Panya akasema, "mikono yangu mifupi na kichwa hiki cha ukoo wenu ni kikubwa. Nisaidie. Fungu hili shika mkono wa kulia."

Fisi akashika.

"Hili, mkono wa kushoto."

Fisi akashika.

"Na hili shika kwa meno. Polepole, si mfupa huo! Usiachie hata moja. Ukiachia kabla sijafunga ncha, kichwa chote kinafumuka na mtoto anaamka analia. Umesikia?"

"Mmm," akasema Fisi.

Hapo Bi Panya akapiga mluzi. Fwii!

Tunduni wakatoka watoto wa panya. Mmoja nyuma ya mwingine, wote wamefuata harufu. Wakajipanga, wakakipanda chungu, wakasukuma kifuniko. Ngarangara!

"Mmm!" akasema Fisi. "Mmmm!"

"Nimesema mkono wangu," Bi Panya akajibu huku anasuka. "Ile ni mikono yao. Wanangu, msisahau sehemu ya mama!"

*Nauma, napuliza, fuu!*

Wakala. Nyama iliyonona ikaondoka. Firigisi ikaondoka. Fisi akatoa macho, udenda ukamtiririka kwenye msuko. Akawaza: niachie. Nikiachia mkono mmoja tu, nitapiga teke chungu, nitawatawanya wote, nitapata hata kipande. Akalegeza mkono wa kulia. Pwii! Fungu likaanza kufumuka. Sikudhani akajikunyata usingizini, akapeleka mkono kichwani, akanong'ona, "Zangu mbaya."

Fisi akalishika tena lile fungu. Akafumba macho ili asione chungu. Masikio hakuweza kuyafumba, kwa hiyo aliisikia nyama yake yote mpaka mfupa wa mwisho. Lakini hakuachia.

Jua lilipoanza kuinama, Bi Panya akafunga ncha zote isipokuwa moja, ile iliyokuwa mdomoni. Akamwambia Fisi aifunge mwenyewe, akamuaga kwa heshima, akaingia tunduni akiwa anapita kwa shida. Tumbo lilikuwa limejaa.

Sikudhani akaamka. Akajigusa kichwa. Akakimbilia beseni la maji, akajitazama. Misuko imelala vizuri, inang'aa, imepangika kuanzia paji la uso mpaka kisogoni.

"Baba! Umenisuka wewe?"

Fisi alikuwa ndiyo kwanza ameufunga ule msuko wa mwisho kwa meno, mtoto akauchomoa alipokurupuka, na unywele mmoja umebaki kwenye ulimi. Akasema, "Mmm."

"Na haikuniuma! Kumbe nywele zangu si mbaya, baba. Ni mkono tu haukuwa umezizoea!"

"Mmm," akasema Fisi.

Mama Sikudhani akafika. Akamwona mtoto, akashika mdomo kwa mshangao. Akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto. "Nani kakusuka?"

"Baba!"

"Baba yupi?"

"Baba huyu huyu!"

Mama akamwangalia mumewe kwa jicho ambalo Fisi hakuwa ameliona tangu siku ya posa. Kisha akakifunua chungu. Mifupa.

"Baba Sikudhani. Nyama iko wapi?"

Mnaona mambo? Katika maisha yake yote Fisi alikuwa ameulizwa swali hilo mara zisizohesabika, na siku zote alikuwa na hatia. Leo hakuonja hata mchuzi. Leo alikuwa na jibu la kweli. Akafungua kinywa aseme ni Panya. Lakini akaona mke wake atauliza: na wewe ulikuwa unafanya nini? Nilikuwa nimeshika nywele. Na aliyekuwa anasuka ni nani? Mlangoni Sikudhani alikuwa anacheza wimbo wa harusi, kila akirusha kichwa misuko inarukaruka, anamwimbia jirani anayepita, "Kanisuka baba! Kanisuka baba!"

Fisi akalimeza lile jibu. Ndicho kitu pekee alichomeza mchana ule.

"Nimekula mimi," akasema.

"Nilijua!" mama akapiga viganja. "Nilijua! Basi leo huko harusini hutagusa sahani."

Wakaenda. Sikudhani akamtangulia bibi harusi, mbele kabisa, shingo imenyooka. Fisi akaketishwa nyuma ya nyumba na masufuria, anachungulia kwenye ufa wa ukuta. Alipomwona binti yake anapita, akacheka, hii-hii-hii, machozi yanamtoka. Waliopita wakasema, huyo kashiba nyama ya watu, ndiyo maana anacheka.

Watoto, mmejifunza nini? Uroho haufai. Mtazameni Panya, hana uroho hata kidogo, na alivyonenepa! Pia msiseme uongo, isipokuwa mkiwa na njaa sana. Na akina baba, msijaribu kusuka. Mtapendwa, na kupendwa kuna gharama.

Ngano yangu imefunga ncha. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, mtafuteni Panya, mie nilikuwa nimeshika tu!