Shikamoo Iliyozamisha Mitumbwi Miwili

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mnisikie. Zamani, zamani zile ambazo hata bibi yake bibi yangu alizipata kwa kusimuliwa, mto wetu haukuwa na daraja wala sheria. Ulikuwa na mamba, viboko, na Komora.

Komora alikuwa nahodha wa mtumbwi wa abiria. Alipandisha watu, akashusha watu. Alipandisha mbuzi, akashusha mbuzi. Alikuwa hodari, ila alikuwa na donda moja moyoni, nalo liliitwa Buya. Buya naye alikuwa nahodha. Wawili hao walizaliwa siku moja, kijiji kimoja, kwa mkunga mmoja, Bibi Hadhumo. Nani alitangulia? Alijua Bibi peke yake, naye hakusema ng'o.

"Nikisema, mmoja ataninyima samaki," alikuwa akijibu.

Na desturi ya mto ilikuwa hii: mdogo humpisha mkubwa. Mnaiona shida, sivyo?

Asubuhi moja, maji yametulia, Komora anateremka na mto, Bibi Hadhumo ameketi mbele. Kwa mbali, mbali kabisa, akamwona Buya anapanda na mtumbwi wake. Mto ulikuwa mpana, wajukuu zangu! Kundi zima la tembo lingepita pale bila kugusana.

"Nipishe, mdogo wangu!" Komora akapaza sauti.

"Mdogo wako nani? Niamkie kwanza!"

"Niamkie wewe!"

Abiria nao wakaingia ugomvini. Wa Komora wakasema nahodha wao ana kipara, basi ndiye mkubwa. Wa Buya wakasema wa kwao amepoteza meno mengi zaidi. Huku wanazomea, kule wanazomea, na mitumbwi inakuja, inakuja, inakuja. Makasia yalikuwa ya kunyoosheana tu.

Bibi Hadhumo akasimama. "Basi! Leo nasema! Aliyetangulia kuzaliwa ni..."

Pu!

Mitumbwi ikapinduka. Watu wakatapatapa, wakavutana hadi ukingoni. Komora akapiga mbizi, akaibuka, akapiga mbizi, akaibuka, mikono mitupu. Walimpata Bibi amenasa kwenye matete, hana uhai. Mikono iliyompokea Komora duniani, Komora ndiye aliyeikunja kifuani pake.

Wazee wakaketi barazani. Wakaushtaki mto kwa uzembe. Mto haukufika, ukahukumiwa bila kuwepo. Wakaamuru maji yasitiririke, maji hayakutii. Mwishowe wakapiga marufuku mitumbwi kukutana. Kila nahodha akawa anasubiri mwenzake afike kwanza, na kwa kuwa wote walisubiri, hakuna aliyeondoka. Chumvi ikaisha vijijini. Wagonjwa wakakosa wa kuwafikisha kwa mganga.

Komora akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa Buya.

"Shikamoo, kaka."

Buya akatokwa na machozi. "Hapana. Shikamoo wewe."

"Nimekuja kukuamkia."

"Nami nakuamkia."

Wakaamkiana mpaka uji ukapoa. Hakuna aliyekubali kuitikia marahaba!

Kesho yake, marufuku au si marufuku, wakaingia mtoni, kila mmoja na mtumbwi wake. Walipoonana, Komora kwa heshima akampisha Buya. Buya kwa heshima akampisha Komora, upande uleule! Komora akakata upande wa pili. Buya naye huyo! Mitumbwi ikagusana pua. Komora akaushika mtumbwi wa mwenzake.

"Buya," akasema, "kiburi kimetuulia Bibi, sasa heshima itatumaliza sisi. Unakula kwa mkono gani?"

"Huu wa kulia."

"Basi shika ukingo wa mkono huo, nami nishike wa kulia kwangu. Mkubwa, mdogo, mfalme, mbuzi, wote vivyo hivyo. Na kwenye kona, piga pembe kabla hujaonekana."

Wakapita salama. Ikawa sheria ya mto mzima. Nahodha mmoja aliyekula kwa mkono wa kushoto alizuiwa kuendesha mpaka alipojifunza kula upya.

Mmesikia? Njiani hakuna mkubwa wala mdogo. Mkitaka kubishana, fikeni kwanza, mshuke, kisha bisheni mpaka mchoke.

Kisa kimefika, kasia nimelilaza. Aliyesikia aondoke nacho, aliyesinzia amwulize jirani.