Chunusi Huita Mara Mbili

Sogeeni, wanangu, mjue kwa nini yule mama wa ziwani hatumcheki. Ziwani mwetu mna chunusi, jini anayeiga sauti za watu ili awavute wazame. Zamani hakuweza kuita zaidi ya mara mbili, ndiyo maana wazee walituusia: ukiitwa ziwani, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu.

Siku moja mama huyo, Mwanamize, alikuwa akifua, bintiye Siwema akicheza nyuma ya matete.

"Mama!"

Akanyamaza.

"Mama!"

Akanyamaza, akingoja ya tatu.

Haikuja. Alipokimbilia kwenye matete, aliona kanga ya mwanawe ikielea.

Tangu hapo chunusi huita mara tatu, kwa sauti ya Siwema. Na kila jioni Mwanamize huitika: "Abee, mwanangu! Nilikusikia tangu ya kwanza."