Azuba Alivyowalipa Nyuki

“Kondoo kumi, Azuba. Kondoo kumi kwa neno moja tu, na bado unanuna?”

Hayo, wajukuu zangu, yalisemwa kale, kale ya mababu wa mababu, huko kwenye vilima vya Waebrania, wakati mawe yangali yakisikiliza watu. Haya, sogeeni. Wewe unayelia, kaa hapa karibu yangu.

Msemaji alikuwa Eliabu, shemeji yake Azuba. Azuba alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Eliabu, tajiri asiye na binti, alitaka mtoto apewe jina la marehemu mama yake. Mume wa Azuba alikwisha kuwahesabu kondoo kichwani. Azuba akamtazama mtoto, akasema jina la mtoto huyu tayari lina mwenyewe.

Wakamuuliza ni nani. Akawakumbusha mwaka ule wa njaa, yeye ana mimba. Alikwenda kwa huyu, akaambiwa kesho. Alikwenda kwa yule, akaambiwa kesho. Alikwenda kwa Eliabu, akaambiwa kondoo ni wa mbegu. Akaenda mwambani, akatia mkono kwenye ufa. Leo asali, kesho asali, mpaka mvua ikanyesha. Je, nyuki hawakumuuma? Walimuuma, nisiwadanganye, uso ulivimba kama kibuyu. Lakini alikula. Na palepale mwambani aliahidi kulipa.

Eliabu akacheka. “Nimesikia fuata nyuki ule asali. Sijasikia fuata nyuki uache kondoo. Mdudu ana haja gani na jina?”

“Nyuki hataki kondoo, hataki shamba,” Azuba akasema. “Nimpe nini kingine? Nilikopa, shemeji. Nalipa. Huyu ni Debora.”

Debora, watoto, kwa Kiebrania ni nyuki.

Kondoo kumi wakarudi zizini. Mwanamke yule! Alilala bila nyama, lakini alilala bila deni.

Jina likatembea. Likabebwa na mlezi, likabebwa na mwamuzi, wale wa kwenye Maandiko, likavuka jangwa, likavuka bahari, likapanda vilima vyetu hivi vya Taita, likamfikia huyu anayelia hapa kwa kuwa mmemcheka, eti ana jina la kibibi.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na fadhila hulipwa. Kisa nimekimimina, kibuyu ki tupu, na asali yangu mmekula. Sasa wewe Mwakio, uliyeanza kumcheka, simama umwite kwa jina lake, wote tusikie.