Kipepeo Aliyetaga Juu ya Mzigo wa Kuni

Paukwa, nyie mliosogea motoni.

Pakawa, bibi, tumekaa kitako.

Hapo kale, milimani kwenye ukungu, waliishi vipepeo wa buluu, wengi kama majivu yanayopeperuka. Watoto wao viwavi hawakula jani lolote ila la mmea mmoja, mtambaa unaoota kivulini. Walikula, wakajifunga katika vijumba vyao, wakatoka na mabawa.

Lakini mtambaa ule ni mgumu, na wanawake waliufungia kuni. Leo huyu kakata, kesho yule kakata. Ikafika siku Kipepeo mmoja ana mayai tumboni, na kila akitazama, haoni mwenzake wala mtambaa.

Akaruka, akaruka, akaruka. Akafika kwa mgomba.

“Mgomba, nipokelee wanangu.”

“Jani langu hawali. Pita, mama.”

Akaruka, akaruka, akaruka. Akafika kwa mbuni, mti wa kahawa.

“Mbuni, nipokelee wanangu.”

“Jani langu hawali. Pita, mama.”

Akaruka tena, mabawa yamechakaa. Akasikia harufu ya mtambaa, nayo inatembea njiani. Kumbe umefunga kuni kichwani mwa Wakesho, mke wa watu.

“Wakesho, nipokelee wanangu.”

“Kuni zinasema, au ni njaa yangu?”

“Ni mimi, Kipepeo. Umefunga mzigo kwa chakula cha wanangu. Mtambaa mwingine uko wapi?”

Wakesho akautua mzigo. “Nimetafuta tangu asubuhi. Nimepata huu tu.”

Kipepeo akataga papo hapo, juu ya jani lililokatwa. “Usiwashe kuni hizi.”

“Siwashi.”

Kipepeo akaanguka, akafa.

Wakesho akauweka mzigo kivulini, akaunyunyizia maji. Mama mkwe akacheka. “Mwana wa watu, kuni humwagiliwa? Wangoja zichipue?”

“Nangoja watoto wa mwenye jani hili, mama.”

Viwavi wakatoka, wembamba kama uzi. Wakala kidogo. Jani likasinyaa, likakauka, likavunjika. Wakesho akapanda mlima kutafuta mtambaa, akakuta visiki. Aliporudi, viwavi walikuwa wameinua vichwa, wamekauka hivyo hivyo.

Kuni zile hakuzipikia. Mchwa walizila. Na mama mkwe hakucheka tena.

Ndiyo hivyo, wanangu: Wakesho alikuwa na huruma, ila ilikuja baada ya panga. Kabla hujakata, uliza nani anakula hapo.

Ngano imefika ukingoni. Tamu yake laleni nayo; ngumu yake niachieni mimi, niimumunye, meno yalishakwenda.