Kapu la Simu ya Bi Mwanahawa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshaingia kila nyumba, alikuwako Muheza msusi wa mikeka, Bi Mwanahawa. Mumewe alikufa ajalini, naye habari aliipata kwa picha iliyorushwa kwenye kundi la simu, kabla mtu hajamwendea kumwambia. Tangu hapo simu ikilia, hushtuka. Ilete vita, ashtuke. Ilete uzushi, ashtuke. Usingizi ukamtoka, chakula kikamshinda, na simu haiachi kulia.

Bintiye Nasra akashindwa kuvumilia. Akamwekea programu ya kulipia kila mwezi, inayochuja habari na ujumbe: ya kutisha yanawekwa kando, kwenye kapu lililomo humo humo simuni, mengine yanapita. Nduguye, Mbwana, ndiye aliyechagua maneno ya kuzuiwa. Akaandika ajali, akaandika vita. Kisha, kwa kumhurumia mama, na bila kumwambia mtu, akaongeza mgonjwa na msiba. Mama naye akaahidi kulifungua kapu kila Ijumaa.

Ikawa raha kweli. Akala, akalala, akasuka. Mwanzoni alilifungua kapu. Baadaye akajiuliza ya nini kujirudishia mashaka. Akaacha.

Huko Pangani dada yake, Bi Mize, akaugua. Mwanawe Sefu akatuma ujumbe: mama mgonjwa, anakuulizia. Kimya. Bi Mize akawa anageuka geuka kitandani. Mlango ukigongwa, auliza kama mdogo wake amefika. Sefu akatuma tena. Kimya. Kupiga hakupiga, alijiambia kwamba asiyejibu ameshajibu. Bi Mize akafa, na tangazo la msiba nalo likaingia kapuni.

Walipokwisha kuzika, mteja mmoja wa mikeka alimwambia Bi Mwanahawa, "Pole kwa dada."

"Dada yupi?"

Akalifungua kapu. Akausoma ujumbe wote, amesimama, mkeka umemwangukia miguuni.

Wakaenda Pangani yeye na wanawe. Sefu akawazuia uani, akasema hawaingii mpaka mwenye kosa aombe radhi mbele ya wafiwa.

Nasra akasema, "Mimi nililipia utulivu wa mama. Maneno sikuyachagua."

Mbwana akasema, "Niliyachagua kwa huruma. Na kapu halikuwa na kufuli. Mama aliahidi kulifungua."

Bi Mwanahawa akasema, "Niliambiwa mnazuia ajali na vita. Nani aliniambia mmezuia na ndugu yangu?" Akamgeukia Sefu. "Nawe mwanangu, kidole cha kuandika unacho, cha kupiga huna?"

"Nilikuita, mama mdogo. Mama alikuita. Mtu aitwe mara ngapi?"

Ndani wanawake walikuwa wameshaanza kusoma dua, na pale uani hakuna aliyeketi, hakuna aliyeondoka.

Nanyi mnaonisikiliza, simu zenu mikononi, nawaachia ninyi. Aliyelipia, aliyechagua, aliyeacha kufungua, au aliyeandika asipige: je, nani alistahili kutangulia mlangoni na kuomba radhi?